Usiiuze mashine, badili kibanio!

Jamani, kuna kitu kinawaliza vijana wa mjini wenye kipaji cha mbao, na wala si mtaji. Ni kubadilisha bledi!

Umejibana, ukanunua mashine ndogo ya msumeno wa nakshi, ile yenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka kama sindano ya cherehani. Umeiweka uani kwenu Upanga, unakata majina ya maharusi na mapambo ya ukutani. Siku ya kwanza raha tupu. Siku ya pili inakuja oda ya nakshi yenye matundu 40, ndipo unapomjua mchawi wako.

Kila tundu la ndani, lazima bledi ifunguliwe juu, ipenyezwe kwenye shimo la keekee, kisha ikazwe upya. Tuseme kwa alenki unatumia dakika mbili. Mara 40, hizo ni dakika 80 hujakata hata kipande! Harusi ni Jumamosi, wewe uko na skrubu tu.

Kabla hujaita dalali, jua bledi zako. Kuna zenye vipini vidogo kwenye ncha. Kuzinasa ni rahisi, lakini pini haipiti tundu dogo, kwa hiyo nakshi nyembamba huiwezi. Zisizo na pini hupenya hata shimo la milimita 2, ila zinataka kubanwa. Urefu wa kawaida wa zote ni inchi 5.

Dawa ni vifaa vya kuongezea, navyo ni vya namna tatu. Adapta huifanya mashine ya bledi za pini ipokee zisizo na pini. Skrubu ya kichwa kikubwa unaikaza kwa vidole, alenki inakaa kando. Kiboko yao ni kibanio cha wenzo: unainua, kinaachia; unashusha, kinashika. Ukizoea, tuseme sekunde 15 kwa tundu, zile dakika 80 zinakuwa 10!

Sasa vuka Barabara ya Morogoro pale Fire, uingie Kariakoo. Utasikia, "Chukua hii dogo, inaingia mashine zote!" Usizugwe. Ng'oa skrubu na kibanio chako cha zamani, nenda navyo mkononi, umwambie kwa heshima: "Samahani kaka, tujaribishe kwanza." Uzi ukipishana kidogo tu, ukalazimisha, umeua kibanio. Ukikosa dukani, mpelekee sampuli fundi wa kuchonga vyuma, akuchongee skrubu ya kichwa kikubwa.

Ukishafunga, usilete ubishoo. Chomoa waya ukutani kabla ya kugusa bledi. Meno yatazame chini, la sivyo mbao itarukaruka mikononi. Bledi ikichomoka, futa mafuta kwenye ncha zake kwa spiriti, zipige msasa kidogo, zitashika. Na kama mashine umeletewa na shangazi toka Marekani, soma volti kwanza: za kule ni 120, za kwetu 230. Ukichomeka kichwakichwa bila transfoma, utanusa moshi.

Mshikaji, wengi wameuza mashine kwa bei ya kutupa wakidhani hawana kipaji. Kipaji kilikuwepo. Kilichokosekana ni skrubu!