Breka Ikishuka, Angalia Imeshukaje

Hakuna fundi umeme ambaye hajaombwa hili: "Fundi, hii breka inatusumbua, tuwekee kubwa." Watu hudhani breka ya ampea 32 ni imara kuliko ya 20. Lakini breka hailindi jiko wala pasi. Inalinda waya uliofukiwa ukutani. Ukibandika breka kubwa kwenye waya mwembamba, siku mzigo ukizidi utaungua waya, tena darini au ndani ya plasta, pasipoonekana.

Basi kabla ya kuilaumu, angalia imeshukaje. Ndani ya breka ya nyumbani mna walinzi wawili: kipande cha metali mbili kinachopinda polepole kikipata joto, na koili ya sumaku inayofyatua papo hapo.

Ikishuka palepale unapoipandisha, hiyo ni kazi ya koili, na kwa kawaida ni shoti: laivu imegusana na nyutro. Chomoa kila kitu, kisha pandisha mara moja. Ikikaa, chomeka kimoja kimoja. Kitakachoishusha ndicho kibovu. Ikishuka hata pasipo kilichochomekwa, ubovu uko kwenye waya, soketi au swichi, na hapo muite fundi. Wapo wanaoishikilia kwa kidole au kuifunga kwa utepe. Kazi bure: imeundwa ifyatuke kwa ndani hata ukiishikilia.

Inayokaa kwanza ndipo ishuke imepashwa joto, kwa kawaida na mzigo uliozidi. Gawanya wati za kifaa kwa volti 230 upate ampea. Jagi la wati 2,000 linavuta karibu ampea 9; hita ya kuogea ya wati 5,500 inavuta karibu 24. Hita hiyo ukiiweka kwenye breka ya 20, haitashuka mara moja. Wa kwanza ataoga, wa pili ataoga, na huenda wa tatu ndiye atakayekatikiwa na maji ya moto akiwa na povu kichwani. Hita iwe na waya wake mnene na breka yake.

Mzigo ukiwa mdogo na bado inashuka, shuku skrubu iliyolegea. Maungio yaliyolegea huchemka na kuipasha breka yenyewe. Plastiki hugeuka kahawia, na mara nyingine hutoa harufu kama ya samaki. Wenye nyumba wengi hutafuta jikoni kumbe harufu inatoka kwenye boksi la umeme. Swichi ya taa inayochachatika ukiigusa ina ugonjwa huohuo, na huo breka haiuoni kabisa, maana umeme unaopita haujazidi. Izime, usiitumie hadi ibadilishwe.

Halafu kuna ile breka pana yenye kitufe cha T. Hiyo haipimi mzigo; inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukivuja kiasi cha ampea 0.03, kwenye hita iliyoingia maji au kwenye mwili wa mtu, inakata. Breka ya kawaida ya ampea 20 haitajua kwamba mtu amenaswa. Kwa hiyo ikishuka mvua inaponyesha au friji inapowaka, usiiruke kwa kuunga waya pembeni, kama baadhi ya mafundi wanavyofanya ili mteja atulie. Bonyeza T umeme ukiwepo. Isiposhuka, imekufa, ibadilishwe kabla mtu hajaoga.