Siku za Kazi na Siku za Mapumziko Kikole

Vijana wanaomaliza vyuo na kupangiwa kazi za maendeleo vijijini hutuuliza maswali mawili. Mtu akipelekwa Kilwa, ndani kabisa huko, anaishije? Na Jumamosi na Jumapili anakwenda wapi? La pili huulizwa kwa aibu kidogo, kana kwamba kupumzika ni kosa. Katika toleo hili tunajibu yote mawili, kwa kuchukua mfano wa Kikole, kijiji kilichomo wilaya ya Kilwa, mkoa wa Lindi.

Kwanza njia. Kutoka Dar es Salaam hadi njia panda ya Nangurukuru ni kiasi cha kilomita 300. Wafanyakazi wa zamani wanakikumbuka kivuko cha Ndundu kwenye mto Rufiji, na usiku uliolalwa ndani ya gari kwa kusubiri zamu. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, lakini kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 hivi zenye sifa mbaya ya tope, kilikaa miaka zaidi ya kumi baada ya hapo kabla ya kukamilika kwa lami. Siku hizi basi la asubuhi linakufikisha Nangurukuru mchana. Hata hivyo masika haijashindwa kabisa: mwezi Mei 2024 mvua zilizofuatana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo eneo la Somanga na wasafiri wakakwama. Mfanyakazi mwenye busara huweka akiba ya unga, mafuta ya taa na dawa kabla ya Machi kwisha.

Ukisikia Kilwa usidhani utaamka na kuona bahari. Kikole ni kijiji cha bara ya Kilwa. Mila ni za pwani, Kiswahili ni cha pwani, adhana inasikika alfajiri, lakini riziki inatoka shambani na msituni. Watu wanalima mahindi, muhogo, mtama, korosho, na zaidi ufuta, ambao ndio fedha ya mwaka. Ufuta huvunwa masika yanapokwisha, na huuzwa kwa mnada kupitia vyama vya msingi na stakabadhi ghalani. Mkulima akiuza ndipo bati hununuliwa, madeni hulipwa na ngoma za jando na unyago hupangwa. Anayetaka kuitisha michango ya kisima mwezi Februari, wakati ghala ni tupu, atasikilizwa kwa heshima na hatapata kitu. Tunashauri ratiba ya mradi ifuate ufuta, maana ufuta hauwezi kufuata ratiba ya mradi.

Mazao yakikaribia kukomaa, nusu ya kijiji huhamia shambani. Nguruwe, nyani, ngedere na mara nyingine tembo hawangojei mkutano. Watu hujenga madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, na kulala humo wakipiga debe na kuwasha moto usiku kucha. Mgeni akikuta nyumba zimefungwa husema wananchi hawana mwamko. Ukweli ni kwamba wanalinda chakula cha mwaka mzima, na watoto wakubwa wanalinda pamoja nao, jambo linaloonekana kwenye mahudhurio ya shule. Kwa hiyo tunawaomba wenzetu wahesabu msimu wa madungu kabla ya kuandika taarifa ya mahudhurio duni.

Siku ya kazi huanza mapema, kabla jua halijawa kali. Salamu hazikatishwi. Mzee hupewa shikamoo hata kama una haraka, nyumbani kwa mtu hupigwa hodi na kungojwa karibu, na mama wa makamo huitwa mama au bibi, siyo kwa jina lake. Ijumaa saa sita mchana usiitishe mkutano. Mwezi wa Ramadhani mikutano yote iwe asubuhi, na ukiitwa kwenye futari nenda, uwe wa dini yoyote. Na kukitokea msiba, kazi husimama. Mtaalamu aliyekwenda kuchimba kaburi pamoja na wengine ataeleweka akizungumza juu ya vyoo na kunawa mikono. Aliyebaki ofisini akiandika ripoti hana haja ya kushangaa mahudhurio yakipungua.

Jambo kubwa la Kikole, ambalo limefanya jina lake lifahamike hata ng'ambo, ni msitu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliruhusu kijiji kutenga msitu wa hifadhi katika ardhi yake, kuusimamia na kubaki na mapato yake. Shirika la MCDI la Kilwa, ambalo mizizi yake ni utafiti wa mti wa mpingo ulioanza katika miaka ya 1990, lilisaidia vijiji kupima misitu na kuandika mipango ya uvunaji. Mwaka 2009 misitu ya Kikole na Kisangi iliingia katika cheti cha FSC, kinachothibitisha kwamba mbao zimevunwa bila kuuharibu msitu. Misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji ilikuwa haijawahi kupata cheti hicho katika Afrika.

Mpingo ndio ule ambao Wamakonde huchonga vinyago, na mafundi wa Ulaya hutengenezea klarineti na zumari zao. Kiini chake ni cheusi na kizito kiasi cha kuzama majini. Unakua polepole mno: anayeukata leo anakata mti ulioota zamani za babu yake au kabla. Hapo awali mfanyabiashara alikuja na kibali kutoka nje, akakata, akaondoka, na kijiji kikabaki na visiki pamoja na fedha isiyotosha kununua chaki. Sasa halmashauri ya kijiji huuza yenyewe, na kamati ya maliasili hufanya doria. Katika vijiji vya Kilwa vyenye misitu ya namna hii mapato yamejenga madarasa, visima na ofisi.

Hapa ndipo safari za mwisho wa wiki zinapoingia, maana gari linalotoka kijijini Ijumaa jioni linatazamwa na kila mtu. Mfanyakazi anayepakia magunia mawili ya mkaa au vipande vya mbao bila kibali na risiti, ati ni zawadi tu ya kupeleka mjini, amewaambia wanakamati wa doria kwamba sheria ni ya maskini peke yao. Hao ni watu wanaotembea kutwa nzima porini, wakiumwa na mbung'o. Jambo la pili ni wagonjwa. Katika vijiji vya ndani gari la mradi mara nyingi ndilo gari pekee. Mama akishikwa na uchungu usiku wa Jumamosi na gari liko baharini, bodaboda kwenye njia ya mchanga ndiyo inayobaki. Ndiyo maana tunapendekeza gari libaki na dereva kijijini, na anayekwenda kupumzika apande bodaboda hadi barabara kuu kama watu wengine. Litamgharimu vumbi, lakini vumbi huoshwa.

Na apumzike kweli. Tumeona watu wakikaa miezi minne bila kutoka, wakaanza kugombana kwa sababu ya ndoo. Kilwa haimpi mtu kisingizio cha kukosa pa kwenda.

Kutoka Nangurukuru daladala zinakwenda Kilwa Masoko, makao makuu ya wilaya, na njiani kuna Kilwa Kivinje. Wengi huipita Kivinje, nasi tunadhani wanakosea. Katika karne ya 19 huu ulikuwa mji ambao misafara ya pembe na watumwa kutoka upande wa ziwa Nyasa ilimalizikia, na nyumba za zamani zenye milango ya nakshi bado zipo, nyingine zimeota miti ndani. Boma la Wajerumani linatazama bahari. Pale Mwembe Kinyonga pana kumbukumbu ya walionyongwa na Wajerumani, akiwamo Hassan bin Omari Makunganya, aliyeuawa mwaka 1895, miaka kumi kabla ya vita vya Maji Maji kuzuka katika vilima vya Umatumbi.

Kilwa Kisiwani iko ng'ambo ya mlango wa bahari, kilomita mbili hivi kutoka Masoko. Kibali hukatwa kwanza Masoko, na siku hizi eneo linasimamiwa na TAWA. Ukiwa na upepo mzuri, mashua inatosha. Ibn Battuta alifika hapo mwaka 1331 akausifu mji na ukarimu wa sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyejenga kasri la Husuni Kubwa na kuupanua Msikiti Mkuu. Utajiri ulitokana na dhahabu ya Sofala. Mwaka 1505 Wareno waliuteka mji, wakajenga ngome ambayo leo huitwa Gereza. Sarafu za shaba za Kilwa zilisafiri mbali: tano ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia, na hadi leo wataalamu wanabishana zilifikaje. UNESCO iliviingiza Kisiwani na Songo Mnara katika urithi wa dunia mwaka 1981, ikavitia katika orodha ya hatari mwaka 2004 kwa sababu kuta zilikuwa zinaanguka, na kuviondoa humo mwaka 2014 baada ya matengenezo. Songo Mnara inataka siku nzima na maji kujaa, basi iachie sikukuu.

Jumapili anza kurudi kabla ya adhuhuri, maana usafiri wa kuingia ndani hupungua jioni. Kabla ya kupanda pitia sokoni Masoko. Majirani watakuwa wamekuagiza ng'onda, betri za tochi na dawa ya kikohozi, na mwalimu mkuu atakuwa amekuomba kalamu nyekundu.