Runinga bila rangi, simu bila mtandao: siri iko kwenye mwendo wa sauti

Enzi za Zaire, mfanyabiashara aliyevusha runinga ya rangi kutoka Kampala kwenda upande huo angeweza kuaibika mbele ya mteja: picha inaonekana, lakini haina rangi. Runinga haikuwa mbovu. Uganda, Kenya na Tanzania zilifuata mfumo wa PAL uliobuniwa Ujerumani. Zaire ilifuata SECAM ya Ufaransa. Runinga ya mfumo mmoja pekee haikuweza kusoma rangi za mwingine.

Ajabu ni kwamba mifumo hiyo miwili ilitegemea ujanja mmoja. Picha ya runinga ilichorwa mstari baada ya mstari, na ili kupata rangi sahihi, chombo kilihitaji kuushika mstari uliopita hadi ufuatao ufike. Muda wenyewe ni mikrosekunde 64, yaani vipande 64 vya sekunde iliyogawanywa mara milioni moja.

Umeme hausubiri. Kuuchelewesha kwa muda huo kungehitaji waya wa zaidi ya kilomita 10. Sauti, kinyume chake, ni mzito wa mwendo. Mafundi wakaugeuza umeme kuwa mtetemo wa sauti isiyosikika na binadamu, wakaupitisha ndani ya kipande cha kioo kinachoenea kiganjani, kisha wakaugeuza kuwa umeme tena.

Leo matangazo ya dijitali yameiondoa kazi hiyo, lakini sauti haijastaafu. Imehamia kwenye simu. Ndani yake mna vichujio vidogo kuliko punje ya mchele. Mawimbi ya redio yakifika hapo hugeuzwa kuwa mtetemo unaotambaa juu ya fuwele maalumu, taratibu mara elfu nyingi kuliko umeme. Mwendo huo huwezesha kichujio kupitisha masafa yanayotakiwa na kuyazuia mengine.

Hapo ndipo mtaji wako ulipo. Kila kichujio huundwa kwa masafa yake, na modeli yenye jina moja huweza kuwa na matoleo tofauti kwa masoko tofauti. Kichujio kisichokuwemo hakiongezwi kwa programu.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia katoni, soma namba kamili ya toleo, kisha linganisha masafa yake na ya mitandao ya nchi utakakouza. Simu inayoshika 4G Dubai si lazima ishike Goma au Bujumbura. Mteja akirudisha mzigo, hasara ni yako.