Umemaliza kulipia ploti? Bado kuna pesa za stempu

JUMAMOSI tuliyomaliza kulipia ploti yetu ya hamsini kwa mia kule Ruiru, nilipika pilau. Kwa miezi 18 tulikuwa tumejinyima kila kitu, hadi mtoto wetu wa kwanza akakosa safari ya shule. Jumatatu, kampuni iliyotuuzia ilipiga simu: hati miliki ingetoka tukishalipa ushuru wa stempu na ada ya wakili.

Hatukuwa na kitu, na karo ya muhula ilikuwa inasubiri.

Bango lao lilisema "hati tayari". Sisi tulielewa kwamba imeshalipiwa. Wao walimaanisha ipo, ukiilipia.

Ushuru huu, ambao wengi tunaujua kama stamp duty, hulipwa na mnunuzi ardhi inapohamishwa kwa jina lake. Ndani ya manispaa na miji ni asilimia 4 ya thamani ya ardhi. Mashambani ni asilimia 2. Kwa hivyo kabla ya kutoa hata shilingi ya kwanza, uliza ploti iko upande gani, na bei unayotajiwa inajumuisha nini. Jibu liandikwe kwenye mkataba. Maneno ya dalali garini hayahesabiki.

Tulikuwa tumenunua kwa Sh1.2 milioni, nikapiga hesabu yangu: Sh48,000. Kumbe hesabu haifuati bei mliyokubaliana pekee. Mthamini wa serikali hukadiria bei ya soko wakati wa uhamisho, na yetu ilifika Sh1.5 milioni. Ushuru ukawa Sh60,000.

Hapo ndipo wazazi wengi huumia bila kujua. Mtu akishapata mkataba wa mauzo, huona heri aanze kujenga ili aepuke kodi ya nyumba, hati itafuata baadaye. Lakini ploti inathaminiwa pamoja na kilichosimama juu yake. Ploti tupu ya Sh1.5 milioni ina ushuru wa Sh60,000. Ukishajenga na thamani ifike Sh4 milioni, asilimia ile ile inakuwa Sh160,000. Unatozwa ushuru kwa saruji na mabati uliyonunua mwenyewe!

Na hiyo ndiyo hasara ndogo. Hati ikiwa bado kwa jina la muuzaji naye afariki, utasubiri warithi wake wamalize mambo ya mirathi, huku watoto wako wakilala katika nyumba ambayo kwa karatasi imekaa kwenye ardhi ya mtu mwingine.

Kuna ujanja mwingine utakaoletewa: "Tuandike bei ya chini, sote tuokoe." Anayeokoa hasa ni muuzaji, maana yeye ndiye anayepaswa kulipa kodi ya faida, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida aliyopata. Wewe mthamini atakurekebisha tu. Mkikosana na kufika kortini, mkataba wako utaonyesha ulilipa ile bei ya chini. Kodi hiyo ya faida nayo usikubali kusukumiwa. Ni mzigo wake.

Ushuru wa stempu unatakiwa kulipwa ndani ya siku 30 baada ya kutia saini hati ya uhamisho. Ukichelewa kuna faini. Lipa kwa nambari ya malipo ya serikali na udai risiti yake, si ujumbe wa M-Pesa uliotumwa kwa simu ya mtu.

Sisi tulikopa kwa chama changu, tukaomba shule itupokelee karo kwa awamu mbili. Mwalimu mkuu alikubali, ingawa alininunia kidogo. Hati ilipotoka ilikuwa na majina yetu sote wawili. Wiki iliyofuata ndipo tukamwita fundi wa msingi.