Mbwa wa ulinzi Eastlands: nani atashinda naye?

Dada yangu ameolewa Nairobi, wanakaa Buruburu na watoto watatu. Juzi wezi waliruka ukuta usiku wakabeba mtungi wa gesi na nguo zilizoanikwa. Mumewe akakata shauri: tununue mbwa. Dada akanipigia simu, "Kaka, si haramu?"

Sisi Waswahili wengi ni Shafi. Kwetu mbwa ni najisi nzito, na chombo alichotia mdomo huoshwa mara saba, mojawapo kwa mchanga. Lakini Mtume (s.a.w.) aliruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na wanazuoni wa madhehebu yetu wakalinganisha na hao ulinzi wa nyumba. Wa kujipamba naye tu ndiye anayepunguza thawabu za mwenyewe kila siku. Kwa hivyo mlango upo.

Mimi nilimuuliza jambo jengine: mchana nani yuko nyumbani? Akanyamaza. Wao hutoka alfajiri kuikimbia foleni ya Jogoo Road, watoto wakitoka shule waenda madrasa, na wote hukutana kwao karibu na Isha. Mbwa atafungwa mnyororo saa kumi na nne, kwenye kiuga ambacho nusu yake wameshajenga chumba. (Hapo ni Buruburu. Kwenye fleti za Umoja na Kayole hata hicho kiuga hakuna, ni ngazi za pamoja na majirani.)

Mbwa wa namna hiyo hubweka kutwa kucha. Akimbwekea mpita njia, paka na mwenye mkokoteni wa maji, siku mwizi akija kweli nani ataamka? Na tusisahau yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie.

Kisha kuna chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo huanza mtoto wa mbwa akifika miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka. Hili si la kupuuza. Karibu watu wote wanaopata kichaa hicho huambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza ni nadra mno mtu kupona. Kenya ilijiwekea mwaka 2014 lengo la kuumaliza ugonjwa huo kwa binadamu ifikapo 2030. Mtoto akiumwa, hata na mbwa wa mtaani, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Msingoje kuona mbwa atafanya nini.

Lau nyanya mmoja angekuwa anashinda nyumbani, au ua ungekuwa mpana, ningemwambia wachukue. Mbwa huishi miaka kumi na zaidi, na shemeji alikuwa akiwaza wiki ile tu ya wizi.

Mwishowe wamechanga na majirani wa safu yao, wameweka taa na mlinzi mmoja wa usiku. Watoto ndio bado wamenuna. Walikuwa wameshampa mbwa jina.