Kabla ya Kalamu Kugusa Ramani: Maoni ya Jamii katika Mpango Kabambe wa Chuo Kikuu

Mpango kabambe wa chuo kikuu ni waraka, pamoja na ramani zake, unaoeleza jinsi ardhi ya chuo itakavyotumika kwa kipindi kirefu, kwa kawaida miaka kumi hadi ishirini au zaidi: wapi pajengwe madarasa, maabara na mabweni, wapi zipite barabara na mabomba ya maji na majitaka, na wapi pasijengwe kitu chochote ili miti, viwanja na mikondo ya maji ya mvua ibaki ilivyo. Waraka huo hutayarishwa na wataalamu wa mipangomiji, wasanifu majengo na wahandisi, kisha huidhinishwa na baraza la chuo, na tangu hapo kila jengo jipya hutakiwa kuufuata. Kwa kuwa jengo la zege likishasimama halihamishwi, kosa lililofanywa kwenye karatasi huweza kuishi na watu kwa nusu karne, na ndiyo maana swali la nani asikilizwe, na asikilizwe lini, lina uzito uleule wa swali la wapi pajengwe.

Neno “jamii” katika shughuli hii lina mawanda mapana kuliko inavyodhaniwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, kilianza mwaka 1961 katika jengo la Mtaa wa Lumumba katikati ya jiji, kikahamia Mlimani mwaka 1964, kwenye eneo lililosanifiwa na kampuni ya Kiingereza ya Norman & Dawbarn, na Ukumbi wake wa Nkrumah umejulikana hata kwa wasiowahi kufika huko kwa sababu picha yake iliwekwa kwenye noti ya shilingi 500. Wakati huo kilima hicho kilikuwa pembezoni mwa mji. Leo mji umekizunguka pande zote, Changanyikeni, Makongo, Msewe na Ubungo zimekuwa jirani zake wa karibu, na daladala hukatiza ndani ya eneo la chuo zikiwa zimebeba abiria ambao wengi wao hawana darasa wala ofisi humo. Chuo cha namna hiyo kina watu wa ndani, ambao ni wanafunzi, wahadhiri na wafanyakazi. Kina watu wa kando, ambao ni majirani, mama lishe, madereva wa bodaboda na wenye vibanda vya kurudufu karatasi. Na kina watu wa mbali kidogo, ambao ni wahitimu, wafadhili, halmashauri na mamlaka za maji na barabara. Mpango utakaochorwa utayagusa makundi yote matatu, ingawa mara nyingi ni la kwanza tu linaloalikwa mezani, nalo huwakilishwa na viongozi wake.

Sababu ya kuwauliza watu hawa si adabu peke yake. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mtaalamu aliyeletwa kwa miezi michache, hata awe hodari kiasi gani, hawezi kuyajua yale yanayojulikana na mhudumu wa usafi anayepandisha ndoo hadi ghorofa ambayo maji hayafiki, na mlinzi anayejua mwanga wa taa unakoishia usiku, au na mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu, ambaye kwake ngazi tatu zisizo na mteremko pembeni ni sawa na ukuta. Maarifa mengine watu huyaandika kwa miguu bila kuulizwa: penye njia rasmi ya saruji inayozunguka, na njia nyembamba ya vumbi iliyokata majani moja kwa moja kutoka bweni hadi mgahawani, mpangaji makini huiona ile ya vumbi kuwa ni kura zilizopigwa kila siku kwa miaka mingi, na huipima kabla ya kufikiria kuiziba kwa uzio.

Hata hivyo, kuuliza kuna viwango vyake. Mwaka 1969 mtaalamu wa Kimarekani Sherry Arnstein alichapisha makala ambayo mpaka sasa hufundishwa katika vyuo vya mipangomiji, akaufananisha ushirikishwaji na ngazi yenye vipandio vinane. Katika vipandio viwili vya chini, watu hukusanywa ili walaghaiwe au watibiwe kana kwamba hasira yao ni ugonjwa. Katika vitatu vya kati, huarifiwa, huombwa maoni, au hupewa viti vichache ili wanyamaze, lakini uamuzi hubaki palepale ulipokuwa. Na katika vitatu vya juu, hufanywa wabia, hukabidhiwa sehemu ya madaraka, au huyashika madaraka yote. Makala hiyo ilikuwa na picha ya bango la wanafunzi wa Ufaransa lililopitisha kitenzi cha kushiriki katika nafsi zote, mimi, wewe, yeye, sisi na ninyi, na lilipofika kwa “wao” likakibadilisha ghafla: wao hawashiriki, wao wanafaidi.

Gharama ya kukaa kwenye vipandio vya chini ilionekana wazi New York mwaka 1968, Chuo Kikuu cha Columbia kilipoanza kuchimba msingi wa jengo la michezo ndani ya bustani ya umma ya Morningside, inayokitenganisha chuo kilicho juu ya mwinuko na mtaa wa Harlem ulio bondeni, ambao wakazi wake wengi walikuwa Wamarekani weusi. Mchoro uliwapa watu wa chuo mlango wa juu na majirani mlango wa chini, pamoja na sehemu ndogo tu ya jengo lenyewe, na katika nchi iliyokuwa bado inapambana na ubaguzi, milango hiyo miwili ilisomwa na kila mtu bila kuhitaji mkalimani. Mwezi Aprili wanafunzi waliyakalia majengo ya chuo, polisi wakaitwa, mamia wakakamatwa, na jengo halikujengwa katika bustani hiyo. Miongo minne baadaye, chuo hichohicho kilipotaka kupanuka kwenye ekari 17 za Manhattanville, bodi ya wakazi iliupinga mpango huo mwaka 2007, jiji likauidhinisha kabla mwaka haujaisha, na mwaka 2009 chuo kikatia saini mkataba wa manufaa ya jamii, yaani mapatano yanayokifunga kisheria kutoa fedha na huduma kwa majirani, wenye thamani ya dola milioni 150.

Njia nyingine ilijaribiwa upande wa magharibi wa nchi hiyohiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Chuo Kikuu cha Oregon, mjini Eugene, kilimwalika msanifu majengo Christopher Alexander, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa akifanya kazi Berkeley, pamoja na wenzake, na fikra zao zilichapishwa mwaka 1975 katika kitabu kiitwacho The Oregon Experiment. Hoja yao ilikuwa kwamba mpango kabambe wa kawaida una kasoro katika kiini chake, kwa kuwa unachora leo picha ya kesho isiyojulikana na mtu yeyote, kisha unawataka watumiaji waingie ndani ya picha hiyo. Badala ya ramani moja kubwa walipendekeza kanuni sita, mojawapo ikiwa ushirikishwaji, ambao kwao ulimaanisha kwamba kundi litakalotumia jengo, likiwa na wanafunzi na walimu ndani yake, ndilo litakaloamua nini kijengwe na kiweje, huku msanifu akiwasaidia kukifikisha wanachokitaka kwenye mchoro unaojengeka.

Ili watu wasio wataalamu waweze kufanya hivyo, walipewa kile kinachoweza kuitwa ruwaza, yaani maelezo mafupi ya tatizo linalojirudia na umbo la majengo linalolitatua, yaliyoandikwa kwa lugha ya kawaida na kukubaliwa na jumuiya nzima. Ruwaza mojawapo ilisema kwamba kila idara inahitaji sebule yake, mahali penye kinywaji na viti ambapo njia za watu wote wa idara hukutana. Nyingine ilitambua kwamba sehemu kubwa ya kujifunza hutokea kwenye migahawa, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kijiwe cha kahawa cha Kiswahili hahitaji kuthibitishiwa. Kanuni nyingine ilihusu fedha: miradi mikubwa, ya kati na midogo ipewe mafungu yaliyo sawa, ili jengo moja la kifahari lisimeze pesa za kukarabati vyumba mia. Kila mwaka pia ilipaswa kuchorwa ramani ya uchunguzi, inayoonyesha sehemu zipi za chuo zina uhai na zipi zimekufa. Fikra hizo hazikutekelezwa zote, kwa kuwa mabunge na wafadhili hupenda kutoa fedha kwa mafungu makubwa, lakini ruwaza na makundi ya watumiaji yamebaki katika utaratibu wa upangaji wa chuo hicho mpaka leo.

Kazi yenyewe ya kukusanya maoni hutumia mbinu kadhaa kwa pamoja, kwa sababu kila moja ina upofu wake. Dodoso huwafikia wengi kwa haraka, lakini hujibu lile tu lililoulizwa. Mkutano wa hadhara huonyesha hisia za watu, lakini hutawaliwa na wasemaji hodari. Vikundi vidogo vya majadiliano huwapa nafasi wanyonge. Na matembezi ya pamoja, ambapo wapangaji na watumiaji hupita chuoni mchana na tena usiku, hufichua mambo ambayo hakuna aliyekumbuka kuyasema akiwa ameketi ukumbini. Ramani kubwa ikitandikwa mezani mlangoni mwa mgahawa, na wapitao wakapewa vibandiko vya kijani kwa mahali wanapopapenda na vyekundu kwa mahali wanapopaogopa, baada ya siku chache rangi hizo hueleza mengi ambayo ripoti ndefu ingeyapoteza. Wakati na lugha navyo huamua nani atasikika: mkutano ulioitishwa wiki ya mitihani haukusudii kuwasikia wanafunzi, na ule unaoendeshwa kwa Kiingereza kitupu katika mji wa Waswahili umekwisha kuwafungia mlango majirani na wahudumu kabla haujafunguliwa.

Penye wengi pana mengi, na maoni yakishakusanywa huanza kupingana. Wenye magari hutaka maegesho palepale ambapo wengine wanataka kivuli cha miti, na bweni ambalo wanafunzi wanalihitaji leo huweza kumnyima kipato mwenye nyumba wa jirani anayewapangisha vyumba. Zaidi ya hayo, mwanafunzi hukaa chuoni miaka mitatu au minne ilhali mpango ni wa miaka ishirini, hivyo wengi wa watakaouishi hawapo ili waulizwe, na ni wajibu wa wapangaji kuwasemea. Maoni, kwa hiyo, si amri. Kinachowaridhisha watu, hata wale ambao pendekezo lao limekataliwa, ni mrejesho, yaani jedwali lililo wazi linaloonyesha kila hoja iliyotolewa, uamuzi uliofikiwa na sababu yake.

Sheria za Afrika Mashariki zimeufungua mlango huu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 10, imeutaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa tunu za taifa, na nchini Tanzania Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 zimeweka nafasi ya wananchi kusikilizwa. Sheria inaweza kuwalazimisha wakubwa kuitisha mkutano. Haiwezi kuwalazimisha kuja mkutanoni wakiwa hawajakata shauri. Msomaji anayeishi karibu na chuo, au anayesoma na kufanya kazi ndani yake, akialikwa siku moja kutoa maoni, aende, na kabla hajasema analolitaka, aulize kwanza swali moja na kudai lijibiwe: ni jambo gani hasa, katika mpango huu, ambalo bado halijaamuliwa?