Haller aliwahi, Mtwara wanasubiri nini?

DAKIKA ya 81, Abidjan, Februari 11, 2024. Krosi inatoka kushoto, Sébastien Haller ananyoosha mguu mbele ya beki wa Nigeria, mpira unaguswa kidogo tu na kuzama wavuni. Ivory Coast 2, Nigeria 1. Siku nne kabla, ni yeye aliyewatoa DR Congo nusu fainali, wale wale waliotoka suluhu na Taifa Stars kwenye makundi.

Bao hilo linakumbukwa vijiweni. Kinachosahaulika ni kwamba miezi 19 nyuma Haller aliambiwa ana kansa ya korodani.

Alikuwa na miaka 28, ndiyo kwanza amesajiliwa Borussia Dortmund. Kambini Uswisi, Julai 2022, alijisikia vibaya, akapimwa, uvimbe ukaonekana. Zikafuata operesheni mbili na mizunguko minne ya dawa kali. Januari 2023 akarudi uwanjani, na bao lake la kwanza la Bundesliga akiwa na Dortmund likaja Februari 4, Siku ya Saratani Duniani. Hata mtunzi wa filamu asingethubutu.

Haller alikuwa na daktari wa timu. Kijana anayecheza mchangani Msimbati, karibu na mdomo wa Mto Ruvuma, hana. Akihisi korodani moja imekuwa ngumu, hata kama haiumi, atamwambia nani? Kipa? Wenzake watamtania wiki nzima. Ni kweli kansa hii ni nadra kwa Waafrika, lakini huwapata zaidi wanaume wa umri wa kucheza mpira, na ikiwahiwa wengi hupona. Kujipapasa wakati wa kuoga hakuna gharama.

Mzigo mkubwa uko kwa kina mama. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchini, na huchukua miaka mingi kukomaa, kimya kimya. Kipimo chake wala hakitaki mashine kubwa: muuguzi hupaka siki iliyozimuliwa, husubiri kidogo, sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Yakiwa ya mwanzo hugandishwa au kuunguzwa, na mama anarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Akichelewa, ni safari ya Dar. Mashabiki wa Ndanda FC wanaijua barabara hiyo. Timu ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15, Wana Kuchele walikula zaidi ya kilomita 550 kuwafuata Simba na Yanga, kesho yake wakageuza. Anayekwenda Ocean Road kwenye mionzi hageuzi kesho. Ni wiki kadhaa, atafute pa kulala, pa kula na mtu wa kumshika mkono. Ikiangukia msimu wa korosho, nani atabaki kuokota?

Chanjo ya HPV ilianza nchi nzima Aprili 2018, kwa wasichana wa miaka 14. Mama zao na shangazi zao hawakuipata. Hao ndio wanaotakiwa kupimwa, na wengi wana mume, kaka au mtoto wa kiume anayekaa jukwaani Nangwanda Sijaona kila kukiwa na mechi. Kutoka hapo hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula, ni bodaboda tu.